Kanga ya Mbwa Safi

1

Siku Shemeji aliponyamaza, Mwalimu Subilaga Mwaisumo alikuwa katikati ya barabara ya sokoni pale Tukuyu, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, kichane cha ndizi mkononi.

Shemeji hakuwa mtu. Ilikuwa sauti ndani ya miwani, sauti nzito ya kiume iliyomwambia kutwa nzima kwamba mbele kuna ngazi, kushoto kuna mtaro, kitoroli kinakuja, simama. Jina hilo lilitoka kwa Ipyana, mdogo wake Subilaga, aliyesema hajapata kuona mwanamume mwingine anayemwamrisha dada yake asubuhi mpaka jioni na bado akasikilizwa. Subilaga alipofuka akiwa mtu mzima, tayari mwalimu wa historia, na kwa miaka kadhaa miwani ile ndiyo iliyompeleka shule na kumrudisha. Kisha kampuni iliyoitengeneza, huko ng'ambo, ikauzwa kwa kampuni nyingine, na hiyo nyingine ikaona vipofu hawana faida. Wakazima. Hata kuaga hawakuaga. Sauti ilikatika kwenye neno "kushoto", na vitoroli visivyo na dereva, vile vinavyoshusha majani ya chai kutoka mashambani bila mlio wowote, vikaendelea kumpita mbele na nyuma, akisikia upepo wake tu kwenye magoti. Alisimama pale mpaka muuza mkaa mmoja akaja kumshika mkono.

Tangu siku ile alikuwa na hasira. Haikuwa hasira ya kupiga kelele. Ilikaa kifuani pamoja na pumu yake, na mara nyingi vitu hivyo viwili viligombania nafasi.

Ipyana akawa ndiye miwani. Lakini Ipyana naye alikuwa na maisha yake; alikuwa amepata kazi Mtwara, na mchumba wake alishachoka kuambiwa "subiri kidogo". Mkuu wa shule alikuja nyumbani, akanywa chai, akasema neno lake kwa upole mwingi. Nafasi ya Mwalimu itashikiliwa kwa miaka miwili ya masomo, ila Mwalimu aje mwenyewe, kwa miguu yake, kwa kuwa shule haina mtu wa kumtoa darasa hili na kumpeleka lile. Subilaga akamshukuru kama inavyopasa, akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi akapiga teke kiti alichokuwa amekalia yule bwana.

Ikabaki njia moja, nayo ni mbwa. Mbwa hazimwi na mtu aliyeko ng'ambo. Tatizo ni kwamba katika viumbe wote wa Mungu, mbwa ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumuua Subilaga bila hata kumng'ata.

Baba yao alikuwa mwindaji wa nguruwe pori, na nyumba yao ilijaa mbwa. Subilaga alipofika miaka saba koo lilimvimba jioni moja baada ya kucheza nao, wakambeba mbio hadi hospitali, midomo imegeuka rangi. Wiki ileile baba aligawa mbwa wote. Hakumlaumu mtoto hata siku moja, lakini jioni alikuwa akikaa kizingitini amenyoosha miguu, na mkono wake ulikuwa ukishuka wenyewe kutafuta kichwa cha kupapasa. Subilaga aliuona mkono ule kwa macho yake, enzi zile alipokuwa nayo, na hakuusahau.

Kwa hiyo iliposemekana kwamba huko juu milimani kuna Kituo cha Mbwa Safi, na kwamba wametengeneza mbwa asiyemletea mtu mzio, alicheka kicheko kibaya. Alishawahi kudanganywa. Mtu mmoja alimletea mbwa wa manyoya ya kujisokota, akaapa kwamba aina ile haina neno kwa wenye aleji, na Subilaga akaishia kulazwa na mashine ya hewa usoni. Safari hii alikwenda kituoni mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, amejitayarisha kurudi. Wakamchanja mkono na kumpaka mate ya mtoto wa mbwa, wakamchanja tena na kumpaka ungaunga wa ngozi yake. Wakangoja. Ngozi haikuvimba wala kuwasha. Njia nzima ya kurudi nyumbani alilia, na Ipyana akajifanya anatazama mashamba.

Kabla ya siku ya kuchagua, alituma kanga. Kwao mbwa hachukuliwi hivi hivi kama kuku wa mnadani. Anayeomba mtoto wa mbwa hutanguliza nguo aliyokwisha kuivaa, itandikwe bandani, na siku ya kumchukua mtoto hufungwa ndani yake. Akifika ugenini halii. Baba yake alifanya hivyo kwa kila mbwa aliyepata kumfuga. Kanga yenyewe ilikuwa ya marehemu mama yao, imechakaa vizuri, imeandikwa KUNYAMAZA KWANGU SI UJINGA. Ipyana aliifikisha kituoni akamkabidhi mama mmoja wa usafi, Atuganile, ambaye aliipokea kwa mikono miwili na hakuuliza ni ya kazi gani.

2

Siku ya kuchagua walipiga maturubai. Kulikuwa na mgeni rasmi, kulikuwa na kwaya, kulikuwa na kamera zile za kuruka zinazovuma juu ya vichwa vya watu. Subilaga aliketishwa mbele, akavishwa shada, akaambiwa mara tatu kwamba yeye ndiye wa kwanza nchini. Alikwisha kujua kwamba mtu wa kwanza katika jambo lolote huwa anapigwa picha nyingi na kuulizwa maswali machache.

Mkuu wa kituo, Daktari Rweyongeza, alikuwa na sauti laini na mazoea ya kueleza mambo kwa vyombo vya jikoni. Watu hudhani mzio huletwa na manyoya, aliwaambia wageni, ndiyo maana wananyoa mbwa bure. Mkosaji ni protini ndogo sana iliyomo kwenye mate na ngozi ya mbwa, iliyoumbwa kama kikombe. Mbwa akijilamba huipaka mwilini, ikikauka hupeperuka, mtu mwenye mzio akiivuta mwili wake hudhani umevamiwa. Wao wameingia ndani ya yai, wakafika kwenye agizo linalotengeneza kikombe hicho, wakalizima. Mbwa anabaki vilevile, alisema, kasoro kikombe.

Watu wakapiga makofi. Subilaga naye alipiga, ingawa neno "wakalizima" lilimkaa vibaya sikioni. Alitaka kuuliza kikombe hicho huwa kimebeba nini, maana hakuna anayetengeneza kikombe kwa ajili ya urembo, ila kwaya ikawahi kuanza.

Kisha akaletewa mtoto wa mbwa. Alikuwa jike, mdogo bado, wa kunyonya, na mafunzo yake ya kuongoza yangeanza baadaye. Walimweka mapajani kwake akiwa amefungwa ndani ya kanga kama mtoto mchanga anayetoka kliniki. Subilaga akainama, akamkumbatia, akaweka shavu juu ya kile kichwa kidogo chenye joto. Alihisi kitu alichokuwa amekikosa tangu utotoni kikimrudia mikononi.

Halafu kifua kikafunga.

Alikijua kifua chake. Kilianza kwa filimbi nyembamba, macho yakawasha, koo likawa dogo. Ipyana alimnyakua mtoto wa mbwa akampa Atuganile, akamtia dada yake dawa ya kuvuta mdomoni, akampeleka chumba cha pembeni huku kwaya ikiendelea kuimba kwa kutojua la kufanya. Subilaga alipopata pumzi ya kusemea, hakuitumia kushukuru.

"Mmenidanganya," alimwambia Daktari Rweyongeza. "Mmenifanya tangazo. Mmenipaka mate ya mbwa gani siku ile?"

Akamwaga yote. Aliwaita matapeli, akawaita wauza miwani, akasema kwamba kipofu kwao ni kitu cha kupigia picha na akianguka haonekani na mtu. Ipyana alijaribu kumtuliza, akaambiwa aende Mtwara. Daktari aliagiza chombo cha kupimia kiletwe, akampima mtoto wa mbwa mbele ya Ipyana ili ashuhudie, na chombo kikasema hana kitu. Kisha akapima kanga. Chombo kikalia mfululizo hadi kikazimwa.

Akaitwa Atuganile, akaulizwa kanga aliitandika wapi.

"Chini ya Shaba," alisema. "Mama yao watoto hawa, yule mbwa wa kawaida. Nimeiweka inapowekwa."

Ile sauti laini ya Daktari ikampotea. Alimwuliza Atuganile kama ana akili, kama anajua gharama ya siku hii, akamwambia akakusanye vitu vyake. Subilaga alikuwa akisikiliza huku uso wake ukipata moto, kwa sababu alikwisha kuelewa. Nguo hutandikwa chini ya mama. Mtoto yeyote wa kwao anajua hivyo. Ndiyo kazi ya ile nguo, kubeba harufu ya mama. Yeye msomi, mwenye mzio wa mbwa, ametuma nguo ikalowe mbwa mzima kwa siku na siku, kisha ameipokea kifuani. Desturi ilitangulia, akili ikabaki nyuma ikifunga viatu.

"Mwache huyo mama," alisema. "Kosa ni langu. Kanga nimeituma mimi, na yeye kafanya sawasawa."

Akaomba radhi kwa matapeli na kwa wauza miwani. Aliomba radhi vibaya, kama mtu anayemeza kidonge bila maji, lakini aliomba. Daktari akapokea, akasema basi yote heri, kanga itafuliwa, wageni wanangoja.

3

Ni pale kwenye "wageni wanangoja" ambapo Subilaga alikumbuka jambo. Mtoto wa mbwa alikuwa ameletwa kutoka jengo la mbele, lenye mashine za joto. Kanga ilikuwa banda la nyuma, kwa mama. Mtoto wa kunyonya na mama yake walikuwa wakifanya nini majengo mawili tofauti? Akauliza. Daktari akasema Shaba hana maziwa.

Atuganile, ambaye bado hakuwa na hakika kama ana kazi au hana, alikohoa kidogo.

"Maziwa anayo, Mwalimu," alisema. "Namkamua mimi."

Baba yake Subilaga alikuwa na sheria moja ya kuchagua mbwa, kwamba usimtazame mtoto kabla hujamtazama mama. Subilaga akasimama, akajifunga kitambaa kibichi puani, akamwambia Ipyana ampeleke bandani. Daktari alisema kwa afya yake haifai. Subilaga alijibu kwamba afya yake leo imeshughulikiwa vya kutosha.

Walikwenda wanne, Daktari nyuma. Atuganile alikuwa bado amembeba mtoto wa mbwa ndani ya ile kanga. Walipofungua mlango wa banda Subilaga alisikia mkia ukipiga ubao, kisha mlio mwembamba wa mbwa jike anayebembeleza. Atuganile akainama kumweka mtoto chini. Kukawa na sauti ya kulamba, ndefu, ya pupa, halafu sauti ndogo ya kufyonza.

"Ananyonya," Ipyana alisema, na sauti yake ilikuwa imelegea.

Mtoto alipokuwa akijisukuma kutafuta chuchu nyingine, kanga ilimteleza mgongoni. Atuganile hakuwahi kuidaka. Palitoka ngurumo, meno yakagongana, mtoto akapiga yowe, na Atuganile akamrukia kumpokonya.

"Kuna damu," Ipyana alisema. "Sikioni. Dada, alikuwa anamnyonyesha sasa hivi."

"Rudisha kanga," Subilaga alisema.

Atuganile akarudisha. Kukawa kimya, kisha kulamba kukaanza tena, safari hii Shaba akililamba lile sikio alilolijeruhi mwenyewe.

"Kikombe kile," Subilaga alisema. "Huwa kimebeba nini, Daktari?"

Daktari akaeleza, taratibu, na safari hii hakutumia vyombo vya jikoni. Protini ile ndiyo inayobeba harufu ya mbwa. Ndiyo inayomwambia mbwa kwamba huyu ni mbwa, huyu ni mwanangu, huyu ni mgonjwa, huyu ni jike. Ukiiondoa, mbwa mwingine anaona kitu kinatembea, kina joto, kina sauti, lakini puani hakipo. Mama huogopa. Wengine mitaani huogopa pia, na mbwa aogopacho hukishambulia. Lakini binadamu, aliongeza haraka, binadamu hawaoni tofauti, na mbwa hawa huwapenda watu sana, kupita kiasi.

"Wana nani mwingine wa kumpenda?" Subilaga alisema. Kisha akauliza, "Na wa kwanza? Kabla hamjajua kuwatenga na mama?"

"Tulijifunza."

"Mlijifunzia kwa akina nani?"

Aliyejibu ni Atuganile. "Wako nyuma ya jiko, Mwalimu. Niliwafukia mimi."

Hasira aliyokuwa nayo kule chumbani, ya matapeli, ilikuwa mchezo wa watoto. Hii ilimshuka hadi magotini, ikamkumbusha barabara ya sokoni, amesimama na ndizi zake, vitu vikimpita huku na huku kana kwamba pale hakuna mtu. Hawa watoto wangesimama kwenye barabara ile maisha yao yote. Na sababu ni yeye. Hawakuzimwa kwa ukatili. Walizimwa ili Subilaga binti Mwaisumo apumue. Hilo ndilo lililomkera kupita yote, kwamba hakuwa na mtu wa kumrushia jiwe bila jiwe kumpiga yeye mwenyewe.

Daktari alikuwa anazungumza tena, sauti imerudi ulaini. Alisema anaelewa. Alisema Mwalimu ana haki ya kukataa, lakini akikataa mbele ya kamera hizi, mradi utafungwa, na watoto hawa watano, huyu na ndugu zake wanne, watachomwa sindano ya kufa, maana nani atamfuga mbwa ambaye hata mbwa hawamtaki? Na Mwalimu atarudi nyumbani kwa mkono wa mdogo wake, ambaye, kama alivyosikia, anahamia Mtwara. Akinyamaza, mtoto anapata nyumba, yeye anapata shule yake. Nani anaumia?

Subilaga akaona jinsi uzio ulivyojengwa vizuri. Akikataa, anaua. Akikubali, anabariki. Alijua pia, na hakujificha, kwamba anamtaka yule mbwa. Anaitaka shule, anataka kutembea peke yake asubuhi na kuchelewa kwa makosa yake mwenyewe. Alitaka hivyo vyote kiasi cha kuona aibu.

"Nipe kanga," alimwambia Atuganile. "Mshike mtoto kwanza."

Alipopewa, kifua kilianza filimbi yake papo hapo. Akavuta dawa, akasogeza kitambaa cha puani, akatafuta pindo la kanga kwa vidole, akalitia jino. Kanga ikishaanzwa huchanika yenyewe, wima kama mstari. Ipyana alisema, dada, ya mama hiyo. Alimjibu kwamba anajua ni ya nani. Akachana tena, na tena, akikohoa kati ya kila kipande hadi machozi yakamtoka, mpaka akawa na vipande vitano mkononi.

"Waleteni na wale wanne," alisema. "Kila mmoja afungwe chake."

"Hawatakuwa safi tena," Daktari alisema. "Mwalimu, unanielewa? Ukivitandika hapa kila siku vitajaa Shaba. Kipimo kitakataa. Wewe mwenyewe hutaweza kukaa nao."

"Kitambaa kinafunguka. Nyumbani kitaning'inia nje, msumarini, kama viatu vya matope. Njiani atakivaa, ili akikutana na wenzake wamjue kuwa yupo. Njiani nitakohoa. Nakohoa tangu nina miaka saba, sijaanza leo."

"Na ukikosa pumzi barabarani?"

"Mlitengeneza mbwa kwa ajili ya kifua changu bila kukiuliza," alisema. "Leo kinajibu. Na nikitoka hapa nitawaeleza wageni wako kwa nini nimechelewa. Yote, mpaka nyuma ya jiko. Ukitaka kufunga mradi, ufunge mbele yao, useme na watoto hawa utawapeleka wapi."

Daktari hakwenda kuwaleta. Atuganile ndiye aliyekwenda, bila kungoja ruhusa ya mtu, akarudi na wanne wanaolia ndani ya beseni la kufulia. Ipyana alifunga vitambaa shingoni mwao mmoja mmoja, akawateremsha kwa Shaba. Ngurumo moja fupi ilitoka. Wote wakakaa tuli. Kisha kulamba kukaanza, kwa huyu, kwa yule, kwa haraka kama mwenye kazi nyingi zilizolala, na baada ya hapo banda zima likajaa sauti ya kufyonza.

Subilaga alikuwa amekaa kizingitini, nje kidogo, miguu ameinyoosha, dawa yake imeshikwa kwa mkono mmoja. Alikuwa akipumua kwa shida na hasira yake haikuwa imepungua hata kijiko. Huko mbele kwaya ilikuwa imeishiwa nyimbo. Mtu alikuja kunong'ona na Ipyana, akaondoka.

"Dada," Ipyana alisema, "mgeni rasmi anauliza umemchagua yupi."

"Mwambie angoje," Subilaga alisema. "Wangu ni yule atakayekuja mwenyewe akishashiba."

Akaushusha mkono wake wa pili, mtupu, kando ya goti, akauacha pale.